Lawama bila Daftari

Sisi wakaaji wa Komanda twakaa penye njia panda. Barabara moja yatoka Beni, ikipita Eringeti na Luna. Ya pili yaelekea Mambasa mpaka Kisangani. Ya tatu yakwenda Bunia, mwendo wa kilomita kama 75. Malori yakisimama hapa hayashushi mchele na chumvi tu, yashusha na maneno. Dereva asimulia aliyoyasikia Beni, mchuuzi asimulia ya Mambasa, na jioni redio yaongeza yake. Kwa hiyo mtu wa Komanda hakosi habari. Anachokosa mara nyingi ni njia ya kusema, “Habari hii si kweli, isahihisheni,” na kusikilizwa.

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza njia hiyo. Nilijifunza kwa kukosea kwanza, wala sioni haya kulikiri kosa langu, maana pengine litamsaidia baba au mama mwingine asilirudie.

Wengi wenu mwajua yaliyotupata usiku wa tarehe 27 Julai 2025. Waamini walikuwa wakikesha katika parokia yetu ya Mwenye Heri Anuarite, miongoni mwao vijana wa Krusada ya Ekaristi. Kama saa saba za usiku waasi wa ADF waliwavamia kwa mapanga na bunduki, wakaua, wakachoma nyumba na maduka. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na hesabu yake. Jeshi lilitaja kwanza watu kama kumi. Wengine wakataja 34, wengine 38. Kesho yake ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukasema waliouawa si chini ya 43, yaani wanawake 19, wanaume 15 na watoto tisa. Naomba mzikumbuke hesabu hizi, maana nitazirudia.

Msiba wa namna hiyo hauishi makaburini. Mwenye uchungu hutafuta mtu wa kumlaumu, na kwa kuwa muuaji amekwisha kurudi porini, jicho lamwangukia jirani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Katika mwezi wa Septemba redio moja isikikayo hapa, ambayo sitaitaja jina, ilitoa kipindi cha jioni ambamo wasikilizaji hupiga simu na kusema mawazo yao. Mtu mmoja alipiga simu akasema kwamba watu wa kabila fulani ndio waliowapikia chakula wauaji na kuwaonyesha njia. Kabila hilo sitalitaja hapa; nikilitaja nitakuwa nimelirudia tendo lilelile ninalolilaumu.

Jirani yetu mmoja ni wa kabila hilo. Ni mama mjane, auza sokoni makayabo na mafuta ya mawese, na watoto wangu humwita shangazi tangu walipoanza kusema. Siku ya pili baada ya kipindi kile wateja wake walipungua. Siku ya tatu alirudi nyumbani na mafuta yote aliyotoka nayo. Usiku wa nne mawe yalilia juu ya mabati yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na asubuhi yake nilimsikia mtoto mmoja akimwuliza kitinda mimba wa mama huyo, mbele ya wenziwe, “Mama yako aliwapikia nini?” Mtoto yule hakujibu. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imekwisha fungwa.

Nilishikwa na hasira. Jumamosi niliwachukua walimu wawili wenzangu, tukapanda pikipiki, tukaenda mpaka kwenye redio. Sikubisha hodi kama mtu mzima. Niliingia nikisema, “Ninyi ni waongo na wachochezi! Mtangazaji wenu amewasema majirani zetu kwamba ni wauaji!” Mkuu wa redio alikuwa kijana ambaye sidhani amefika miaka 30. Alinipa kiti, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, ni kipindi kipi? Kilitolewa siku gani? Ni mtangazaji yupi, na maneno yenyewe yalikuwaje?”

Nikajibu, “Mwayajua wenyewe!”

Akafungua kitabu chake, akanionyesha kwamba vipindi vya simu ni vitano kwa juma, na watangazaji wake hupokezana. Akasema, “Ukiniletea siku na maneno, nitatafuta.” Mimi niliona ananizungusha tu. Nikapaza sauti tena, nikatoka.

Pale nje vijana kadhaa walikuwa wamekusanyika kwa sababu ya kelele zangu. Mmoja akasema, “Mwalimu, usijisumbue. Usiku tutawawashia moto, kesho hakuna redio.” Wengine wakacheka na kuitikia. Nami, mtu ninayelipwa kwa kazi ya kuwafundisha watoto lililo jema, nilinyamaza. Nilipanda pikipiki nikaondoka. Hata leo nikiwaza siku ile, si kelele zangu zinazonitisha. Ni kule kunyamaza.

Njiani nilimkumbuka Papy Mumbere Mahamba. Huyu alikuwa mwandishi wa redio ya Lwemba, katika wilaya ya Mambasa, humu humu Ituri. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa uliofika hata kwetu Komanda, alikuwa akiwafundisha watu kwa redio jinsi ya kujikinga. Wengi hawakuyapenda maneno ya Ebola. Walisema ni biashara, walisema ni uongo wa wakubwa. Tarehe 2 Novemba 2019 watu waliingia nyumbani kwake wakamwua, wakamjeruhi mkewe, wakaichoma nyumba. Tena tarehe 14 Agosti 2021 mkuu wa redio ya jamii ya Babombi, Joël Musavuli Mumbere, naye aliuawa. Waliowaua watu hawa hawakuwaandikia barua kwanza. Basi nikajiuliza: mimi niliyepiga kelele bila kusema siku wala neno, na kuwaacha vijana wale na kibiriti mikononi, nimetofautiana nao kwa kiasi gani?

Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu. Yeye naye huuza kidogo sokoni, na ana daftari la shule ambamo huandika madeni ya wateja: jina, tarehe, kitu, kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba, mtu akija mlangoni akakwambia, ‘Nakudai,’ hutamwuliza ni lini, na kwa kitu gani, na kiasi gani? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na lawama bila daftari hupotea vivyo hivyo.”

Kisha akaleta daftari lake. Siku ile ya kipindi alikuwa amemkopesha mtu sabuni na mafuta, naye alikuwa akiandika deni hilo wakati redio ikisema. Tukaona: Jumanne, tarehe 16 Septemba. Saa alikumbuka, kwa kuwa watoto walikuwa wakila: yapata saa moja na nusu ya jioni. Hivyo deni la mafuta likatupatia siku, na chakula cha watoto kikatupatia saa.

Yalibaki maneno. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwendesha pikipiki, alikuwa amekinasa kipindi kile katika simu yake, kwa sababu jioni ile alimtumia salamu mchumba wake na alitaka kuzihifadhi. Tulimwita, tukakaa, tukasikiliza mara tatu. Ndugu wasomaji, hapo nilipata aibu kubwa. Mtangazaji hakuyasema maneno yale hata kidogo. Aliyeyasema ni mtu wa simu. Mtangazaji alicheka, akasema, “Asante, msikilizaji, ujumbe umefika,” akaweka muziki. Kosa lake lilikuwapo, tena kubwa: alisikia shtaka la mauaji juu ya watu wengi wasio na hatia, akalishukuru. Lakini halikuwa kosa nililomshtaki mimi mbele ya watu. Nilikwenda kulalamika juu ya ushuhuda wa uongo, kumbe nami nilikuwa nimebeba wangu.

Usiku ule nilianza kuandika barua. Ya kwanza ilijaa kurasa nne. Nililalamika juu ya kipindi kile, nikaongeza juu ya muziki wa dansi wakati wa matanga, nikaongeza juu ya sauti ya mtangazaji, nikamalizia na hesabu za wafu za mwezi wa Julai, kwamba kila saa walitupa hesabu nyingine. Mke wangu aliisoma akaniambia, “Barua yenye mashtaka kumi haina hata moja.” Tukaanza kufuta.

Lile la hesabu nililikatia shauri kwa shida. Hata hivyo nilipowaza vizuri niliona kwamba waliotangaza siku ile walikuwa wakihesabu huku moshi ungali ukifuka. Maiti nyingine zilikuwa hazijaonekana. Majeruhi wengine walikuwa bado hai asubuhi. Kutoka kumi kufika 43 si lazima uwe uongo. Yaweza kuwa ni ukweli unaopatikana polepole. Mwenye kutangaza, “Mpaka sasa twajua hivi,” kisha akarudi na kusema, “Tumepata habari zaidi,” huyo afaa kushukuriwa. Yafaa tujue kutenganisha mambo matatu: kosa la haraka ambalo mwenyewe amelisahihisha, kosa la uzembe ambalo hajalisahihisha, na ubaya wa makusudi. Anayeyatupa yote katika kapu moja hatasikilizwa juu ya lolote.

Barua ya mwisho ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kwanza niliandika jina la kipindi, siku na saa. Pili niliandika maneno yenyewe ya mtu wa simu na jibu la mtangazaji, neno kwa neno kama yalivyonaswa. Tatu nilieleza madhara, lakini yale tu niliyoyaona kwa macho yangu: mteja aliyegeuka njiani, mawe juu ya bati, mtoto shuleni. Sikuandika kwamba “Komanda yote imekasirika,” kwa kuwa Komanda yote haikunituma. Nne niliandika ninachoomba. Tano niliandika jina langu, kazi yangu na mahali ninapokaa, maana lawama isiyo na mwenyewe ni uvumi mwingine tu. Na kwa kuwa nilikuwa nimemsingizia mtangazaji, juu kabisa niliandika kwamba Jumamosi nilisema neno lisilo kweli juu yake na kwamba naomba radhi. Kalamu ilikuwa nzito hapo kuliko mahali pengine popote.

Nilitoa nakala mbili zaidi. Moja nilimpelekea mkuu wa mtaa wetu. Nikaenda pia kuwatafuta wale vijana, nikawasomea barua yenyewe, nikawaambia kwamba shauri limekwisha kushikwa na wenyewe na kwamba yeyote atakayekwenda na kibiriti ataliharibu. Wawili walininung'unikia. Lakini hawakwenda.

Mara hii nilikwenda peke yangu, asubuhi, nikabisha hodi. Mkuu wa redio aliisoma barua, nikamtilia sauti ile ya simu. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatazamia: kwamba wafanyakazi wake ni wachache, kwamba mishahara imechelewa, kwamba mtangazaji yule hajapata kufundishwa namna ya kumkatisha mtu wa simu, na kwamba wote wanaogopa. “Mwalimu,” alisema, “ukimkata mtu hewani, kesho anakungoja njiani.” Sikuwa nimewaza kwamba mtu wa redio naye anaweza kuogopa njia ya kurudi nyumbani.

Niliomba mambo matatu. La kwanza, masahihisho yasomwe katika kipindi kilekile, saa ileile, kwa sauti ileile. Si saa sita za usiku wakati watu wamelala. Alikubali. La pili, mtu wa simu asiingizwe hewani kabla ya kuulizwa jina lake na jambo analotaka kusema, na akilitaja kabila lolote kuwa ndilo lenye hatia, akatwe papo hapo. Alikubali. La tatu, mtangazaji aondolewe. Alikataa. Alisema, “Nikimfukuza, nitamleta mwingine ambaye hajakosea bado, naye atakosea. Huyu amekwisha kujua.” Niliudhika, lakini nilimwomba atie sahihi na tarehe katika nakala yangu kuonyesha kwamba ameipokea, naye akatia.

Jumanne iliyofuata, saa moja na nusu, tulikaa wote karibu na redio, pamoja na mama mjane na watoto wake. Mtangazaji yuleyule alisoma masahihisho, kisha akaongeza maneno yake mwenyewe, ambayo hakuandikiwa na mtu. Alisema kwamba yeye pia alizika watu mwezi wa Julai, na kwamba alicheka kwa sababu hakujua la kufanya. Tangu siku ile nimemsikia mara mbili akimkata mtu wa simu kwa adabu na uthabiti. Kijana mkuu wa redio aliona mbele kuliko mimi.

Pengine mtaniuliza: Je, kama wangekataa yote matatu? Basi ingekuwa halali kwenda mbele, ngazi kwa ngazi, na hapo ile nakala yenye sahihi ingekuwa na kazi. Sheria ya habari ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, yampa aliyetajwa vibaya haki ya kujibu na ya kusahihishiwa. Kisha liko Baraza kuu la redio, televisheni na mawasiliano, liitwalo kwa kifupi CSAC. Limetajwa katika kifungu cha 212 cha Katiba ya mwaka 2006, na sheria yake ilitolewa tarehe 10 Januari 2011. Kazi yake ni mbili kwa pamoja: kuulinda uhuru wa vyombo vya habari, na kuangalia kwamba wenye kutangaza wanazishika kanuni za kazi yao. Na neno likiwa ni la kuchochea chuki ya kabila, tunayo sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayokataza ubaguzi wa rangi na ukabila, iliyotungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa maneno yanayotembea katika simu kuna sheria nyingine ya tarehe ileile 13 Machi 2023, inayohusu mambo ya intaneti. Majirani zetu wa Kenya nao wamejiandikia, katika kifungu cha 35 cha Katiba yao ya mwaka 2010, kwamba kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo inayomhusu. Kwa hiyo anayelalamika kwa utaratibu haombi hisani. Anadai kilicho chake.

Ni kweli kwamba mara nyingine lawama nzuri haisikilizwi. Huko Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Waziri wa habari wa nchi ile, Faustin Rucogoza, aliwaita wakuu wa redio hiyo tarehe 26 Novemba 1993, na mara ya pili tarehe 10 Februari 1994, akawaonya waache kuwachochea watu wa kabila moja juu ya kabila lingine. Hawakuacha. Tarehe 7 Aprili 1994 yeye mwenyewe aliuawa, na redio iliendelea kutangaza wakati watu wakichinjwa. Mtu ataweza kusema: Basi lawama yake ilifaa nini? Nami najibu kwamba maonyo yale hayakupotea. Mahakama ya Arusha ilipowahukumu wenye redio ile tarehe 3 Desemba 2003, mikutano ile miwili ilitajwa kwa tarehe zake, na kanda za matangazo zilisikilizwa neno kwa neno. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuyafuta yaliyokwisha kusikiwa. Hawakuweza kusema, “Hatukujua.” Waliambiwa, na siku waliyoambiwa iliandikwa.

Lakini naomba tujihadhari na jambo moja. Lawama yaweza kugeuzwa kuwa kitambaa cha kuwaziba watu midomo. Mkubwa aliyekula fedha za barabara naye hulalamika redio inapomtaja, naye husema, “Mwaniharibia jina.” Kabla ya kushika kalamu afadhali mtu ajiulize: Habari hii yaniuma kwa sababu ni ya uongo, au kwa sababu ni ya kweli? Ikiwa ni ya kweli, dawa yake si barua kwa redio. Wala tusiombe kwamba redio ifungwe kwa kila kosa. Katika mkoa kama huu wetu, ambako njia hukatwa na simu hukosa mtandao, redio ndiyo yatuambia kwamba barabara ya Luna haipitiki leo, au kwamba chanjo ya watoto imefika. Anayeizima kwa sababu ya kosa moja hulala gizani pamoja na wengine.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Wateja wa mama mjane walirudi, lakini si wote. Yuko mwanamke mmoja, aliyekuwa akinunua kwake kila juma, ambaye mpaka leo hupita upande wa pili wa soko. Yeye aliyasikia maneno ya kwanza. Masahihisho hakuyasikia, au aliyasikia asiyasadiki. Neno baya hutoka kwa pikipiki, na masahihisho hulifuata kwa miguu. Ndiyo sababu yafaa yaondoke mapema, na yawe na nguvu za kutembea.

Mtoto wake hasemwi tena shuleni. Niliwasomea wanafunzi wangu barua ile kama somo la kuandika barua, bila kutaja jina la mtu, nikawauliza ni wapi mwandishi ameonyesha siku, ni wapi ameonyesha neno, ni wapi ameonyesha ombi. Wengi walionyesha vizuri. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza kwa nini barua ya kulalamika imeanza kwa kuomba radhi. Nikamjibu kwamba mwandishi alikuwa na deni lake pia, na aliona vema alilipe kwanza.

Akina baba na akina mama, katika nyumba zetu redio huwekwa mahali pa heshima, juu ya meza au juu ya kabati, ikifunikwa kitambaa. Wekeni na daftari kando yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi watoto wasiipoteze. Likisemwa neno la kuumiza watu, andikeni siku, saa, kipindi na neno lenyewe, kisha laleni. Kesho yake, hasira ikiisha kupoa, someni tena mlichoandika. Ikiwa bado chaonekana kuwa ni kosa, nendeni mkabishe hodi. Sisi daftari letu li pale, na mke wangu amelianza kwa tarehe 16 Septemba. Chini ya tarehe hiyo ameandika maneno ya kipindi, na chini yake ameandika kwa mwandiko uleule wa madeni ya mafuta: “Imelipwa, lakini si yote.”